Gego la Kupimia Mpunga

Marselino wa mashineni alikuwa mtu wa kuogopwa, na si kwa sababu ya ngumi. Ngumi zake zilikuwa za kupigia mlango tu. Waliomwogopa ni wakulima. Mtu anatoka Malinyi na mpunga wake, amekaa juu ya magunia anasali njia nzima, anafika Ifakara na kumkuta Marselino kwenye kigoda chake, mlangoni pa mashine ya kukoboa, kiganja wazi. Marselino anachota mpunga kidogo, anaufikicha, anapuliza makapi, anateua punje moja kama mtu anayeteua mchumba, kisha anaipeleka kushoto kwenye magego. Watu wote kimya. Punje ikilia ka, mpunga umekauka, upite. Ikibonyea taratibu kama wali wa jana, Marselino anatema pembeni na kutamka neno moja: "Uanikwe." Neno hilo halikuwa na rufaa.

Tena msidhani ni maringo matupu. Mpunga mbichi ukiingia mashineni hutoka chenga, mchele uliovunjikavunjika, na chenga ni chakula cha kuku na cha wageni usiotaka warudi. Zubeiri, ambaye babu yake alikuja bondeni na duka la chumvi na khanga kutoka Kilwa, naye mjukuu akaliacha duka akashika biashara ya mchele, hakununua gunia mpaka Marselino aume. Wapwa zake walimletea kutoka Dar kidude cha kupima unyevu, chenye betri na tarakimu zinazowaka. Zubeiri alikitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mkwe, akakifungia kwenye droo.

"Hiki kinajua maji," alisema. "Marselino anajua mpunga."

Sasa, jambo moja halikujulikana na watu wengi. Magego ya kulia Marselino hakuwa nayo. Yaling'olewa ujanani kule Masagati na fundi mmoja wa baiskeli, kwa koleo, mgonjwa akiwa ameshikwa na wajomba zake. Kwa hiyo riziki yote ya nyumba yake, ada za binti yake Digna na bati jipya la jikoni, vilikalia gego moja la juu kushoto na mwenzake wa chini. La juu likiondoka, la chini litamuuma nani? Hewa?

Basi lilikuwa ni hilo la juu lililoanza.

Lilianza kwa adabu. Msimu wa mavuno, jua kali, Marselino akanywa soda ya baridi na kitu kikamchoma mpaka utosini. Akaiweka chupa chini polepole, akatabasamu, akawaambia watu soda imeisha gesi. Kesho yake chai ya moto nayo ikafanya vilevile. Baadaye likawa haliombi tena ruhusa ya baridi wala moto: linapwita lenyewe, pwi, pwi, pwi, kama mtu anayetwanga kisamvu ndani ya shavu, na akilala ndiyo kwanza linachachamaa.

Maumivu yalimtesa, lakini hofu ndiyo iliyomkondesha. Nani anapimia mzani uliovunjika? Akisema jino linauma, kile kidude kitatoka kwenye droo, na kikishatoka hakirudi. Kwa hiyo alinyamaza. Alianza na karafuu, akaibana kwenye gego mpaka akanuka kama pilau ya harusi. Akaja kwenye tumbaku, ikamlevya akatapika nyuma ya mashine. Akanunua vile vidonge vya rangi mbili kwa kukisia, akavimeza siku ya kwanza, maumivu yakapungua kidogo, akavitupa juu ya kabati. Mwisho mkewe Tekla alimfuma uani ameinamia betri kuukuu ya pikipiki, ameshika kijiti chenye pamba iliyolowa maji ya betri.

"Baba Digna, unafanya nini?"

"Natengeneza redio."

"Redio iko kinywani?"

Alimpokonya kile kijiti. Pamba iliyodondoka iligusa ukingo wa khanga, na pale ilipogusa pakatoboka. Tekla aliinua khanga yake, akamtazama mumewe kupitia tundu. "Hii ndiyo ulitaka kutia kwenye ufizi. Mimi nimeolewa na mtu mzima au nimeolewa na nini?"

"Usimwambie Zubeiri," ndicho alichojibu. Baada ya hayo yote, hicho ndicho alichojibu.

"Twende kwa daktari wa meno."

"Siendi."

Sababu ya kutokwenda ilikuwa Fulgensi.

Fulgensi alikuwa mshona magunia pale mashineni, mtu mwenye jicho moja; la kushoto lilikuwa limekwisha kufumba alipohamia Ifakara. Kabila lake na kabila la Marselino ni watani tangu enzi za mababu, na mnajua mtani alivyo: anaweza kukuvua kofia msibani, akakaa kwenye kiti cha marehemu na kudai ugali, na huna ruhusa ya kukasirika. Shida ya mtani ni kwamba hujui anasema kweli saa ngapi.

Fulgensi alikuwa mtu wa kwanza kuligundua shavu la Marselino. Alilizunguka kama mnunuzi anayezunguka gunia.

"Mtani, umeficha nini humo?"

"Nyuki."

"Nyuki wa juu au wa chini?"

Marselino alisita. "Wa juu."

Fulgensi akaweka sindano yake chini, akavua kofia. "Pole. Hili jicho langu unaliona? Lilikuwa zima kama la kwako. Gego la juu, kushoto. Mzizi wa jino la juu umefungwa kwenye kamba ya jicho, wakivuta huku, kule taa inazimika. Wakichoma sindano ndiyo kabisa." Halafu akainama akatazama miguuni mwa Marselino. "Viatu namba ngapi hivyo?"

"Vya nini?"

"Ukifa navirithi. Namba ngapi?"

Watu walicheka, na Marselino alicheka nao, kwa upande wa kulia. Lakini tangu hapo alianza tabia mpya. Kila alipokuwa peke yake aliziba jicho la kulia kwa kiganja na kutazama kwa la kushoto, kuona kama bado lipo.

Basi akawa anapima kwa uongo. Alipeleka punje kwenye meno ya mbele, ambayo kwa kazi hiyo hayana akili hata ya kuku, akasikiliza, akakisia. Siku kadhaa bahati ilimbeba. Ndipo ikaja shehena ya Malinyi, mpunga mzuri, mrefu, wenye harufu, uliovunwa mapema kidogo kwa kukimbia maji. Marselino aliuma kwa mbele. Palepale gego likapiga pwi, machozi yakamtoka, asisikie kitu. Wakulima walikuwa wanamtazama. Zubeiri alikuwa anamtazama.

"Upite," akasema.

Mashine iliunguruma, na kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa chenga. Gunia baada ya gunia, chenga, nyeupe na laini kama mchanga wa mtoni. Zubeiri alichota, akaiacha ipite katikati ya vidole. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliomba mashine izimwe, akamsogelea Marselino mpaka kanzu yake ikamgusa magoti.

"Fungua mdomo."

"Bwana Zubeiri, ni vumbi tu la—"

"Marselino. Fungua."

Akafungua. Zubeiri alichungulia, akarudi nyuma kwa ile harufu, akaziba pua kwa ncha ya kilemba. "Subhanallah. Na hilo ndilo limekuwa likinunua mpunga wangu?"

Marselino alingoja kusikia droo ikifunguliwa. Zubeiri akasema, "Nenda kalitibu. Kidude kitakaa kwenye kigoda chako mpaka urudi na jino. Ukirudi bila jino, kitakaa hapohapo." Kisha akaondoka kwenda kuwaambia wake zake kwamba wiki ile ni uji.

Sasa amwogope nani, kidude au sindano? Tekla alimsaidia kuamua kwa kumshika mkono na kutouachia mpaka kwenye benchi la kliniki ya meno.

Daktari alikuwa binti aliyempita Digna kidogo tu, amejifunga mtandio chini ya koti jeupe, anaitwa Firdausi. "Shikamoo baba," alisema, na Marselino aliitikia marahaba kwa sauti ambayo mbuzi angeionea huruma. Firdausi alimgonga gego kwa mpini wa chuma, taratibu, na Marselino akapaa kidogo kutoka kitini. Akampiga picha ya jino. Akaiinua kwenye mwanga.

"Baba, mshipa wa ndani umeoza, na usaha umeanza kwenye ncha ya mzizi. Hapa kuna njia mbili. Tuling'oe—"

"Siyo hiyo."

"Au tusafishe mzizi. Wenyewe tunaita ruti kanali. Tunatoboa juu, tunautoa ule mshipa uliooza, tunaosha mle ndani, tunaziba. Jino linabaki. Ila ni safari zaidi ya moja, na itabidi nikuchome ganzi."

"Sindano."

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Kwenye ufizi, juu."

Marselino aliziba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto lile bango la ukutani lililofundisha kupiga mswaki. Herufi zilikuwepo zote. Akaona ni kama anaziaga.

"Mwanangu," akasema, "nikuulize kama baba yako. Kamba ya jicho imepita wapi?"

Firdausi hakucheka, na kwa hilo apewe heshima yake. Alichukua picha, akamwonyesha mizizi ilipoishia, akamwambia jicho liko nyumba nyingine kabisa na hakuna mlango. Marselino aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Hakuwa ameelewa, alikuwa anahesabu vyuma kwenye sinia.

Kisha kiti kikalala chenyewe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kile kiti hulala. Kikaenda nyuma na nyuma mpaka miguu ikawa juu, na kitu cha kwanza alichokiona mbele yake ni viatu vyake mwenyewe, vimeelekea dari kama vya mtu aliyelazwa sebuleni anangoja kuogeshwa. Akamkumbuka Fulgensi. Tekla alimshika kifundo cha mguu.

"Tulia, Baba Digna."

"Vua viatu vyangu. Vifiche."

Sindano ilimfinya, basi. Akangoja baya lenyewe, halikuja. Badala yake mdomo ukaanza kuondoka. Ukaondoka mdomo wa juu, ukaondoka upande wa pua, shavu likawa la mtu mwingine, na ganzi ikapanda, ikapanda, mpaka chini ya jicho la kushoto. Machozi yakamtoka kwa upande huo tu. Moyo ulimdunda hadi daktari akauona kwenye shati.

"Nimefa," alisema kwa ulimi mzito. "Taa inafimika."

"Fumba la kulia, baba. Vidole vingapi?"

"Fitatu."

"Basi taa inawaka. Ganzi imesambaa tu, itaisha."

Kilichofuata alikisikia kwa masikio zaidi kuliko kwa jino: kimashine kikivuma kama mbu aliyelewa, harufu ya mfupa, halafu vyuma vyembamba kama sindano za kushonea vikiingia na kutoka, vikiingia na kutoka. Maumivu hayakuwepo. Hilo ndilo lililomtisha kupita yote. Mtu anachimba ndani ya kichwa chako na wewe hujui, kwani akichukua na kingine utajuaje?

Firdausi alipomaliza aliziba tundu kwa dawa nyeupe. "Hii ni ya muda. Usitafunie upande huu, hata mkate. Ganzi ikiisha litauma, usiogope. Jino limenyamaza, kinachouma ni nyama iliyolizunguka, imechokozwa. Una vidonda vya tumbo? Hapana? Basi meza hizi baada ya chakula kwa saa zake, usisubiri maumivu yapande ndiyo uyafukuze. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ukivimba, ukipata homa, au mdomo ukikataa kufunguka, njoo hapa. Usiende kwenye betri."

Marselino alimgeukia Tekla. Tekla alikuwa anasoma bango.

Ganzi iliisha wakiwa wamefika nyumbani, na gego likaanza kuuma. Siyo ule mtwango wa zamani. Huu ulikuwa uzito, kama mtu ameegemea. Lakini kwa Marselino ulikuwa ushahidi. Alikaa jikoni na uji uliopoa, akijadili na mkewe.

"Wametoa mshipa. Sasa kinachouma ni nini? Maiti analia?"

"Daktari kasema ni nyama."

"Nyama hailii hivi. Wamefungia kitu humo ndani, kinagonga mlango."

"Meza kidonge."

"Nikimeza kitanyamaza, nitajuaje kama kimetoka?"

Tekla alimkazia jicho, Marselino akameza. Siku zilizofuata uzito ulipungua, na kadiri ulivyopungua, hofu nyingine ikachukua nafasi yake, maana kichwa cha mtu mwoga hakikosi mpangaji. Gego sasa lilikuwa kimya. Kimya kabisa. Alilisukuma kwa ulimi: kimya. Alivuta hewa ya baridi: kimya. Akaanza kuwaza: jino lisilo na mshipa litasikiaje punje? Si litakuwa jiwe? Na jiwe linajua mpunga mbichi?

Mtu mwingine angengoja. Mkulima angengoja, fundi cherehani angengoja. Mpima mpunga hawezi kungoja. Kiganja kinamwasha. Alikwenda mashineni kwa kisingizio cha kusalimia, akaona kile kidude kimekaa juu ya kigoda chake, kimewekewa na kitambaa, akachota mpunga kwenye gunia lililo wazi, akazunguka nyuma kwenye kilima cha pumba. Akafikicha, akapuliza, akateua. Akaiweka punje kushoto.

Ka.

Lakini ile ka haikuwa ya punje. Kitu kigumu kilimdondokea ulimini. Alikitemea kiganjani: kipande cheupe, chenye kona. Akapeleka ulimi juu, ukakuta shimo.

Akakaa palepale juu ya pumba. Alikifunga kile kipande kwenye ncha ya leso kwa mafundo, kama mtu anayefunga hirizi. Hakuweza kurudi mashineni wala nyumbani. Alichoweza ni kuziba jicho la kulia na kutazama bonde kwa la kushoto, milima ya Udzungwa kule mbali, kuhakikisha bado ipo, kisha kuziba tena.

Fulgensi ndiye aliyemwona, akampigia simu Tekla. Tekla alipofika alimkuta mumewe na leso, na mtani amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Limevunjika," alisema Marselino. "Mama Digna, ndiyo basi."

"Umelifanyaje?"

"Nililionjesha mpunga."

Tekla alifumba macho kidogo. Kisha akamgeukia Fulgensi. "Na wewe, shemeji. Jicho lako liliharibika kwa jino, kweli?"

Fulgensi alikuna shingo. "Kapi la mpunga, shemeji. Tukipiga mpunga Kiberege, likaingia, nikalifikicha kwa mikono michafu, nikachelewa hospitali." Akamtazama Marselino. "Mtani, kwani mimi nimekuambia kweli lini?"

Marselino alimtazama kwa macho yote mawili, jambo alilokuwa hajalifanya kwa muda mrefu. Hakuwa na nguvu ya kukasirika, na utani haumruhusu.

Kule kliniki, Firdausi alifungua mafundo ya leso moja moja, akakiweka kile kipande kwenye mwanga.

"Baba, hii ni dawa yangu. Ile ya kuzibia. Jino lako lipo."

"Lote?"

"Lote. Ulikula nini?"

Marselino alikuwa anasoma bango.

"Mpunga," alisema Tekla. "Usiokobolewa."

Hapo binti wa watu akacheka, akashindwa kujizuia. Aliosha tena, akaziba tena, na safari iliyofuata akaweka kizibo cha kudumu, na baadaye ikaja kofia ya jino kutoka kwa fundi wake, ngumu, inayong'aa kidogo. Ila akatoa hukumu. "Jino lililosafishwa mzizi huwa kavu, baba. Linavunjika kirahisi. Kula chakula chako. Lakini kutwa nzima kupasua punje, hapana. Ukilipasua safari hii, tutaling'oa."

"Na kusikia? Litasikia?"

"Jino husikia kwa nyama inayolishika, siyo kwa ule mshipa tu. Litasikia. Ila lionee huruma."

Marselino alipeleka hukumu hiyo kwa Zubeiri kama mtu anayepeleka barua ya kufukuzwa kazi yake mwenyewe. Zubeiri alisikiliza, akachungulia kile kinywa kwa mbali, akatingisha kichwa.

"Kidude kimefanya kazi," alisema. "Lakini wakulima hawakiamini. Kikisema uanikwe wananitukana mimi, maana kidude hakina mama. Basi kidude na kipime. Anayebisha, aje kwako. Wewe utakuwa rufaa."

Na aliyebisha hakukawia. Mama mmoja wa Kiberege, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, kidude kilimwambia mpunga wake mbichi. Akasema kidude chenyewe ndicho kibichi, kimelala kwenye droo ya mtu, kinajua nini kuhusu jua la Kiberege? Alitaka jino. Watu wakasogea. Zubeiri akaashiria kwa kidevu.

Marselino alichota. Punje zikamwagika, akachota tena. Akafikicha. Alipopuliza, pumzi haikutosha, makapi yakabaki, ikabidi apulize upya. Akateua punje moja. Aliiweka kushoto, chini ya ile kofia mpya, akasita. Kofia ikipasuka je? Jino likinyamaza je, liwe jiwe, aseme neno la kukisia mbele ya watu wote kama siku ile ya chenga? Kwa mazoea akaziba jicho la kulia. Zubeiri alikuwepo, mama wa Kiberege alikuwepo, Fulgensi alikuwepo na sindano yake hewani.

Akauma, polepole, kama mtu anayekanyaga daraja la fito.

Punje haikulia. Ilizama. Lakini aliisikia ikizama: chini ya kofia, kwenye taya, mahali palepale pa siku zote, ulaini ule wa punje ambayo jua halijaimaliza. Aliisikia kama unavyomsikia mtu wako akipita gizani. Akabaki ameuma, hataki kuachia, mpaka Zubeiri akakohoa.

Akatema pembeni.

"Uanikwe, mama."

Yule mama alimwangalia, akaangalia kidude, akaangalia tena kinywa. "Hapo sawa," akasema. "Sasa nimeambiwa na mtu." Akaenda kutafuta turubai.

Marselino akaketi, akapitisha ulimi juu ya gego mara mbili, mara tatu. Lilikuwepo. Fulgensi alimalizia mshono wake, akakata uzi kwa meno, akavitazama vile viatu kwa muda.

"Nitasubiri," alisema.